Uzi wa nailoni 4 wa kufungia mwani: tumeujaribu Kiuyu Mbuyuni

Uzi huu ni mweupe, umesokotwa nyuzi tatu, mwembamba kuliko taitai, vijikamba vya kufungia mbegu tulivyovizoea, na ukiwa mkavu mkononi haupishani sana na mshipi wa kuvulia. Umetengenezwa kwa nailoni 4, plastiki ambayo chanzo chake ni asidi amino na ambayo, kabla haijawa plastiki, malighafi yake hupitishwa kwenye kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ya kikemia. Kwa sasa huwezi kuupata dukani Pemba wala Unguja. Binamu yangu anayesoma Japani ndiye aliyeniletea koili alipokuja kula Idi na sisi. Anajua nyumba yetu hapa Kiuyu Mbuyuni inaishi kwa mwani, na anajua mimi nasomesha kemia skuli. Nimeufunga shambani kwa mama yangu, tumevuna nao, nimeuzika topeni, na sasa ninalo la kuwaambia kina mama na kina dada wanaolima mwani, vikundi vyao, na yeyote anayefikiria kuuagiza.

Nianze na tunachokitumia. Shamba la mwani lina vijiti, lina kamba kuu zilizonyooshwa baina ya vijiti, na lina taitai, vile vijikamba vya plastiki vinavyoishika kila mbegu kwenye kamba. Kamba kuu moja tu inabeba taitai kwa makumi. Zikikatika kwa wimbi la kusi, au zikilegea baada ya tasi kuula mwani wote, zimekwenda hizo. Taitai nyingi ni za polipropilini, plastiki nyepesi kuliko maji, kwa hiyo hazizami. Zinaelea, zinachukuliwa na mkondo, zinaishia kwenye mizizi ya mikoko. Jua linazichanachana zikawa vipande vidogo, kisha vidogo zaidi, na hakuna kiumbe wa baharini anayezimaliza. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani huko Unguja, kikaenea hadi kwetu Pemba, na leo wakulima wamepindukia 20,000, wengi wao wanawake. Hebu fikirini taitai zilizopotea tangu mwaka huo. Mifuko ya plastiki tumeipiga marufuku, na Bara nao wakaipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini taitai haitajwi, nasi ndio tunaoshinda nayo majini kila bamvua.

Mama yangu huziokota. Maji yakipwa, kabla hajagusa kamba yake hata moja, anazunguka na kikapu akikusanya zilizokatika, zake na za majirani. Lakini anaokota zilizobaki karibu tu, na zilizochukuliwa na mkondo ni nyingi zaidi.

Kabla ya koili ya binamu nilikuwa nimenunua nyingine, kwenye duka moja la zana za uvuvi Wete. Karatasi yake ilisema uzi ule unaoza na ni rafiki wa mazingira. Muuzaji akanihakikishia kuwa umetokana na mahindi. Nikamuuliza unaoza wapi, na kwa muda gani. Hakuwa na jibu. Nilipoigeuza karatasi nikaona herufi tatu, PLA, nikajua nimeshika nini. PLA ni polima, yaani mnyororo mrefu wa vipande vidogo vilivyoungwa, ya asidi ya laktiki, na ni kweli wanga wa mahindi unaweza kuwa chanzo chake. Huoza vizuri kwenye mitambo ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Maji yetu ya bahari yanakaa kwenye nusu ya joto hilo. Niliutia uzi ule kwenye mfuko mmoja wa wavu pamoja na wa nailoni 4, na hadi leo unaweza kufungia mzigo na mzigo ukafika salama. Kwa hiyo nawaomba wenzangu: mkiambiwa kitu kinaoza, muulizeni muuzaji kinaoza wapi. Kwenye mboji ya moto, kwenye udongo wa shamba, au kwenye maji ya chumvi? Asiyejua msimlipe bei ya juu.

Sasa kwa nini nailoni 4 iwe tofauti na nailoni za nyavu na mishipi? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ulipo uzuri wa bidhaa hii.

Nailoni tunazozijua ni mbili hasa. Nailoni 66 ilitengenezwa na Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1935, na nailoni 6 ilitengenezwa na Paul Schlack, Ujerumani, mwaka 1938. Namba zinahesabu kaboni katika vipande vinavyounda mnyororo. Malighafi ya zote mbili kwa kawaida hutoka kwenye mafuta ya petroli, na zote hukaa baharini miaka na miaka. Wavuvi wanazijua vyema zile nyavu zilizopotea ambazo zinaendelea kuua samaki bila mwenyewe. Nailoni 4 ina kipande cha kaboni nne. Kiungo kinachokishika kipande na mwenzake ni kile kile cha nailoni nyengine, amaidi, nacho ndicho kinachozishika asidi amino ndani ya protini ya samaki, ya kunde na ya nywele zetu. Lakini kile kipande cha kaboni nne kinaitwa GABA, na GABA viumbe hai wanaijua. Imo kwenye ubongo wetu, imo kwenye mimea, na bakteria wengi wanaila. Watafiti wa Japani walimpata bakteria wa jamii ya Pseudomonas anayeikata nailoni 4 mpaka ikarudi kuwa GABA. Uzi ukikatika, basi, unarudi kuwa chakula cha vijidudu.

GABA yenyewe inatengenezwa kutokana na asidi ya glutamiki, na hapo ndipo kimeng'enya kinapofanya kazi yake. Asidi ya glutamiki ina kaboni tano. Kimeng'enya kiitwacho glutameti dikaboksilesi, ambacho bakteria kama E. coli na baadhi ya wale wa kuchachisha maziwa wanacho, huondoa kaboni moja, ikatoka kama gesi ya kabonidayoksaidi. Zinabaki nne. Hakitaki moto mkali wala shinikizo. Kinafanya kazi majini, penye uchachu wa kadiri, kikisaidiwa na kijenzi kinachotokana na vitamini B6. Baada ya hapo kazi ya kimeng'enya imekwisha. GABA hupashwa moto, hupoteza maji na kujikunja kuwa pete inayoitwa pirolidoni, kisha pete zinafunguliwa na kuungwa mnyororo kwa kemia ya kawaida ya kiwandani. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu binamu yangu alikuwa akiuita uzi huu "uzi wa vimeng'enya", na wanafunzi wangu wakashika kuwa kimeng'enya ndicho kilichounga mnyororo mzima. Kimesaidia hatua moja. Hatua hiyo ni kubwa, kwa kuwa ndiyo inayowezesha plastiki kuanzia kwenye sukari badala ya petroli, lakini ni moja.

Ipo pia njia ambayo kimeng'enya huunga mnyororo wenyewe, nayo watu wa pwani itawagusa. Mchoma mishkaki anajua kuwa papai bichi hulainisha nyama, na sababu ni papaini, kimeng'enya kilichomo kwenye utomvu wa papai, kinachokata protini. Mwaka 1937 Max Bergmann na Heinz Fraenkel-Conrat walionesha kuwa papaini hiyo hiyo, ikiwekwa katika hali inayofaa, huunga pia. Katika zama zetu Keiji Numata na wenzake huko Japani wanaitumia kuunga asidi amino zilizogeuzwa kwanza kuwa esta. Wanafanya hivyo majini, kwa joto la karibu nyuzi 40, na mnyororo ukirefuka kiasi hauwezi tena kuyeyuka, unajitenga na maji na kutuama. Minyororo hiyo ni mifupi mno kwa uzi wa kufungia mwani, ndiyo maana koili yangu haikutengenezwa hivyo. Hata hivyo darasa langu lilinyamaza kabisa niliposema kuwa kitu kilichomo kwenye papai la nyuma ya skuli kinaweza kuunga plastiki. Kisha yakaja maswali hadi kengele ikalia.

Na asidi ya glutamiki inatoka wapi? Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, profesa wa Tokyo, aliitoa kwenye kombu, mwani wa Kijapani unaopikiwa mchuzi, akatambua kuwa ndiyo inayoupa mchuzi ule ladha yake. Chumvi ya asidi hiyo, glutameti, ndiyo iliyokuja kuuzwa kwa jina la Ajinomoto. Nilipomweleza mama kuwa asili ya uzi anaofungia mwani ilipatikana kwanza ndani ya mwani, aliacha kufunga akaniuliza: "Na wetu je, hautoi uzi?" Swali zuri sana. Nilimjibu kuwa siku hizi glutameti haitolewi tena kwenye mwani. Tangu Shukuo Kinoshita na wenzake walipomgundua bakteria Corynebacterium glutamicum katika miaka ya 1950, inatengenezwa kwa kuchachisha sukari, molasi au wanga. Mwani wetu, spinosum na kotonii, thamani yake ni karajinani, nayo ni polima ya sukari inayokwenda kwenye dawa za meno na vyakula. Lakini molasi tunayo. Kiwanda cha sukari cha Mahonda kiko Unguja, na muhogo wa kutoa wanga haukosekani visiwani. Mama aliridhika na jibu hilo kuliko nilivyotarajia, na tangu siku hiyo huwaeleza wenzake kisa cha kombu vizuri kuliko mimi.

Haya, shambani. Tuliufunga uzi huu kwenye kamba za upande wa nje, kunakoshuka maji mengi, na kwenye kamba za jirani yake tukaacha taitai ili tulinganishe. Mama, mama mdogo na wifi yangu wote walifunga, kwa sababu mkono wa kila mtu una fundo lake.

La kwanza walilolipenda ni ulaini. Nailoni 4 hunywa maji karibu kama pamba inavyokunywa, hivyo ikishalowa inalainika vidoleni. Anayefunga mwani kwa saa kadhaa, vidole vimelowa chumvi, anajua taitai inavyokata ngozi pembeni mwa kidole cha shahada. Wifi yangu, ambaye vidole vyake havikosi vidonda msimu wa kupanda, alimaliza bamvua nzima bila kufunga kitambaa. Na mbegu nazo zilinufaika. Pale taitai inapobana, shina la mwani huwa na alama nyeupe, na mara nyingi ndipo linapokatikia. Kwenye uzi huu alama hizo zilikuwa chache. Kotonii, ambayo ni dhaifu zaidi na inaugua haraka maji yakipata joto, ndiyo iliyoonesha tofauti kubwa.

La pili ni kushika. Mwani tunauvuna baada ya wiki sita hivi, yaani unapandwa bamvua moja na kuvunwa bamvua ya tatu baada yake. Kusi ilikuwa imeanza, na mawimbi hayakutuhurumia. Uzi ulishika mpaka mavuno. Iliyokatika ilikuwa michache, isiyozidi taitai zilizokatika kwenye kamba za jirani. Kwangu mimi hapa ndipo penye mtihani wa plastiki yoyote inayoitwa ya kuoza, maana uzi unaooza kabla ya mavuno umemwaga jasho la mkulima baharini.

Tatizo lilikuja kwenye mzunguko wa pili. Taitai ya plastiki tunaifungua, tunaisuuza, tunaitumia tena na tena. Uzi huu tulipoupandia mara ya pili ulianza kukatika, hasa pale penye fundo, na bamvua ya katikati mama akaamua kuubadilisha kabla mbegu hazijapotea. Halafu kuna fundo lenyewe. Likiwa limelowa linafunguka vizuri, lakini kamba ikikaa juani wakati maji yametoka linakauka na kukaza, na kitanzi cha mama, kile kinachofunguka kwa kuvutwa mara moja, kikakataa kabisa. Mavuno ya kamba zile tulikata kwa kisu. Chambilecho mama mdogo, uzi wa kukata kwa kisu ni uzi wa safari moja, na bei yake iangaliwe hivyo.

La tatu ni kuoza, nililolifuatilia mwenyewe kwa hamu kubwa. Nilitia vipande vya taitai, vya PLA na vya nailoni 4 kwenye mifuko ya wavu, mmoja nikauzika kwenye tope karibu na mikoko, mwengine kwenye jaa la migomba nyuma ya nyumba. Jaani nailoni 4 ilitangulia. Ilipoteza weupe, ikawa na vishimo, kisha nikikibana kipande kwa kucha kinakatika. Mwishowe nilikuta vikonyo tu na mafundo. Topeni ilikwenda polepole zaidi, lakini ilikwenda njia ile ile. Taitai na PLA zilitoka kwenye mifuko yote miwili kama zilivyoingia. Jengine nililoliona ni kuwa nailoni 4 ni nzito kuliko maji ya chumvi, inazama palepale ilipokatikia. Haisafiri kwenda kwenye mikoko ya watu wengine. Inakaa mchangani, na mchangani ndiko waliko bakteria wengi.

Niliulinganisha pia na kamba ya usumba, kwa kuwa bibi zetu walifukia makumbi pwani, wakayapiga na kusokota kamba kabla ya plastiki kufika, na wapo wanaoifanya kazi hiyo hadi leo. Usumba unaoza vizuri na fedha yake inabaki kijijini. Kwa kufungia mbegu, hata hivyo, ni mnene na unakwaruza, na kuusokota mwembamba kiasi hicho ni kazi isiyolipa. Kwa kazi nyengine za shambani bado naupa nafasi ya kwanza.

Bei ni nzito. Kwa hesabu ya binamu yangu, koili moja inagharimu sawa na kilo kadhaa za spinosum kavu, na mkulima anayejua kilo ya mwani mkavu inatokana na kilo ngapi za mwani mbichi, kubebwa na kuanikwa juu ya chanja, ataguna. Sababu ya bei haiko kwenye kimeng'enya. Nailoni 4 huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 260, na joto hilo limekaribiana sana na lile linaloiunguza, kwa hiyo kuivuta kuwa uzi kiwandani ni kazi ya uangalifu mkubwa. Nailoni 6 huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi na haina usumbufu huo. Ndiyo maana plastiki hii, ingawa imejulikana tangu miaka ya 1950, haijajaa madukani.

Kwa kushika na kwa ulaini wake naupa nyota nne kati ya tano. Kwa kuoza naupa tano, na hapo sisiti. Kwa bei, mbili. Kwa maelezo yaliyokuja nao, moja tu: karatasi ni ya Kijapani tupu, na laiti binamu asingekuwepo nisingejua hata kuwa usiachwe kwenye unyevu kabla ya kutumika.

Wanaoutengeneza ningewaomba mambo machache. Waupake rangi, kwa sababu uzi mweupe kwenye mchanga mweupe ukianguka hauonekani, na hata wa kuoza tungependa kuuokota. Waunenepeshe kidogo tu, uweze kubeba mizunguko miwili ya mavuno. Wauze umekatwa tayari kwa urefu wa fundo moja, kwa sababu kukata kunakula muda wa maji, na maji hayamsubiri mtu. Na wauuzie vikundi kwa jumla. Mkulima mmoja mmoja hatoweza, lakini kikundi cha wanawake chenye mfuko wa kuweka na kukopa kinaweza kuagiza kwa pamoja na kugawana.

Shamba lote la mama haliwezi kubadilishwa kwa bei hii, na simshauri mtu abadilishe lote. Tulikaa tukapiga hesabu, tukaona taitai zetu nyingi zinapotelea kwenye kamba za nje, zinazopigwa na wimbi. Kamba za ndani, zilizo karibu na pwani, zinapoteza chache na nyingi tunaziokota. Basi kamba za nje zitafungwa kwa nailoni 4, uzi mpya kila tukipanda, na za ndani zitaendelea na taitai zilizopo mpaka zichakae. Binamu akirudi nimemwagiza koili nyengine, na mama amemwongezea fedha ya moja ya mama mdogo.